Povu la Aliyezama

Mnaniuliza kama inanuka. Kila kijana wetu anayepata nafasi ya kujifunza kazi ya mochwari huja sebuleni kwangu hapa Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, hushika kikombe chake cha chai, hutazama pembeni kama anayeuliza umri wa mama mkwe, kisha huuliza hilo. Ndiyo, inanuka. Siku ya tatu pua inachoka. Siku ya kumi utakula sambusa yako mlango wa pili na hutakumbuka. Haya, hilo limekwisha. Sasa niulizeni kuhusu maji.

Kwa miaka mingi nilikuwa msaidizi wa madaktari wanaochunguza vifo ambavyo polisi hawajavielewa. Daktari ndiye anayeandika na kutia sahihi. Sisi wasaidizi tulifungua, tukapima, tukashona, tukamwosha mtu na kumchana nywele ili nduguze wamtambue. Na kwa kuwa visiwa vya jiji hili vimetawanyika majini kama vitumbua kwenye mafuta, wengi waliopita mikononi mwangu walitoka majini. Watu wa ziwa, watu wa bahari, watu wa beseni la kuogea. Nikifumba macho nawakumbuka kwa maji yao kuliko kwa majina.

Sikuja Stockholm kwa ajili yao. Nilitoka Same nikiwa kijana, nije nijifunze ufundi wa mashine za hospitali. Mafunzo yalipokwisha nafasi ya mashine haikuwepo, ilikuwepo ya kusukuma machela, na machela nyingine zilikuwa zinaelekea chini, kwenye korido yenye vigae vya kijani. Huko chini nikamkuta Gunvor.

Gunvor alikuwa msaidizi mkuu, mwanamke mrefu mwenye nywele za kijivu alizozikata mwenyewe bila kioo, na zilionyesha hivyo. Siku ya kwanza niliinama kidogo nikamsalimu kwa cheo chake chote.

"Niite Gunvor," akasema. "Hapa hakuna wakubwa. Kuna visu vikali na visu butu."

Ilinichukua mwaka kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina tupu. Hata leo nikilitamka nasikia kama nimeingia kanisani na kofia.

Wiki yangu ya pili aliletwa mzee aliyekutwa majini kando ya gati. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mama aliyefua shuka za nyumba nzima. Mimi na kiherehere changu cha ugeni nikasema, "Huyu kafa maji."

Gunvor alikuwa ametoka kusugua masinki saa nzima bila glavu, jambo ambalo nyinyi msithubutu. Akanyoosha mikono yake miwili mbele ya pua yangu. Vidole vilikuwa vimekunjamana vilevile.

"Na mimi nimekufa lini?" akauliza.

Daktari alipomaliza ikaonekana kwamba moyo wa mzee yule ulisimama angali juu ya gati. Alianguka akiwa ameshakwenda. Shikeni hilo, kwa sababu wageni wote wa kazi hii hujikwaa hapo: ngozi inakuambia kwamba mtu alikaa majini, lakini haikuambii kama aliingia akiwa hai. Jiwe nalo hulowa. Unachotafuta kwa aliyezama ni alama ya pumzi, ushahidi kwamba kifua kilikuwa bado kinavuta maji yalipofika.

Na pumzi huacha alama. Mapafu ya aliyezama hayanywei kifua kinapofunguliwa. Yanainuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa karibu na jiko, yanakutana katikati na kuufunika moyo, na ubavuni yanabaki na michirizi ya mbavu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mara ya kwanza kuona hivyo nilimfikiria mama yangu akibonyeza unga wake alfajiri, nikaona aibu, kana kwamba nimemleta mahali asipopaswa kuwa. Nilimwambia Gunvor. Akasema yeye huifikiria mikate ya bibi yake, na kwamba siku nitakapoacha kufikiria nyumbani nikiwa pale ndani, niombe uhamisho.

Somo la maji ya chumvi na maji baridi alinipa kwenye chumba cha kahawa. Mnajua Waswidi na mapumziko yao ya kahawa, nyumba ingeungua wangemalizia kwanza keki. Alikuwa amekuja na kibakuli cha matango yaliyokatwa membamba, yaliyonyunyiziwa chumvi na kukandamizwa na kisahani.

"Maji haya yametoka wapi?" akauliza akiinamisha kibakuli. Matango yalikuwa yanaogelea.

"Kwenye matango," nikasema. "Chumvi imeyavuta. Hata kachumbari ukiitia chumvi mapema inafanya hivyo."

"Basi unajua maji ya bahari yanafanya nini kwenye pafu. Chumvi inavuta maji ya damu, yanaingia pafuni. Pafu linakuwa zito, linachuruzika. Sasa niambie ya ziwa."

Nikafikiri. Nikamwambia kuhusu maharage ya kulowekwa, yanavyolala makavu na kuamka yamevimba. Akapiga meza kwa furaha. Maji ya ziwa, akasema, hayana chumvi, kwa hiyo damu ndiyo inayoyanywa. Yanapita pafuni kwenda kwenye mishipa, chembe za damu zinavimba kama maharage yako na nyingine zinapasuka. Pafu linabaki kubwa lakini jepesi zaidi, limepauka, linatoa mlio mdogo ukilishika, kama theluji mpya chini ya kiatu.

Siku hizi madaktari vijana watawaambia kwamba tofauti hiyo vitabuni ilikuwa kubwa kuliko mezani, na wanasema kweli. Watu wengi hufa kabla hawajavuta maji ya kutosha kwa ajili ya kachumbari au maharage. Tena bahari yetu hii ya Baltiki ina chumvi ya kubahatisha, kama mchuzi wa mgonjwa. Nimeona mapafu ya baharini mepesi na ya ziwani mazito. Lakini lile somo silitupi. Lilinifundisha kuuliza maji yale yametoka wapi na yalikuwa yanaelekea wapi.

Ziwani na baharini kuna vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye ganda kama la kioo. Hapa pia mtu hujikwaa, nami nilijikwaa kwa kishindo. Mtu akivuta maji moyo ukiwa bado unapiga, vioo hivyo huingia kwenye damu na kusafiri hadi ndani ya mifupa. Ukichukua uboho wa mfupa wa paja, ukauyeyusha kwa asidi, nyama inakwisha na vioo vinabaki. Chini ya hadubini ni vizuri ajabu. Vingine kama mashua, vingine kama kifungo cha shati, vingine kama nyota iliyotobolewa na sindano. Maji ya bombani yamechujwa, karibu havimo. Ndiyo maana aliyezama kwenye beseni la kuogea huwa haachi kioo hata kimoja, ila pengine harufu ya sabuni, na kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Basi asubuhi moja tukampata mzee aliyefia kwenye kiti chake mwenyewe, ghorofa ya nne, televisheni ikiwa inawaka. Tulimchukulia uboho ili tu kuwa na kitu cha kulinganisha. Maabara wakapiga simu: mifupa yake imejaa vioo vya ziwani. Kwa mujibu wa hadubini, mzee alizama sebuleni.

Gunvor akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vyombo. "Kisu," akasema.

Nilikuwa nimetumia kisu kilekile kilichomfungua mtu wa ziwani jana yake. Nilikiosha, tena vizuri, kwa maji na sabuni. Lakini kioo hakijali sabuni. Tangu siku hiyo, kila mtu na kisu chake kipya, kila chombo kimesuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu ndani, na kwa mwezi mzima wenzangu walinisalimu wakiuliza kama sebuleni kwangu maji yameshafika magotini.

Nayakumbuka hayo na kucheka peke yangu siku hizi, nikipita Slussen, pale katikati ya jiji ambapo maji ya ziwa Mälaren hushuka kumwagikia bahari. Wengine husimama pale kupiga picha. Mimi husimama nikifikiria kwamba upande huu wa ziwa ni vifungo vya shati, upande ule wa bahari ni nyota. Tuliwahi kumpokea mtu aliyekutwa upande wa bahari lakini mifupani alibeba vioo vya ziwa, na kwa hilo tu polisi wakajua ni upande gani wa jiji waanze kuuliza. Na kila mwaka barafu ilipoyeyuka tulijua tutapata wageni, waliozama vuli kabla maji hayajaganda wakalala chini kwenye baridi miezi yote ile kama walivyokuwa, mpaka maji yalipopata joto na kuwainua. Watu wa jiji walifurahia jua la kwanza. Sisi tulinoa visu. Siku hizi mtu huingizwa kwanza kwenye mashine ya picha, ukaona maji yaliyojificha kwenye mashimo ya fuvu kabla hujagusa kitu. Naisifu mashine hiyo. Lakini mashine haileti matango.

Sasa povu. Nimelichelewesha kwa makusudi.

Aliyevuta maji akiwa hai, mara nyingi hutoa povu mdomoni na puani. Ni jeupe, laini, viputo vyake vidogo sana, pengine lina wekundu kidogo wa damu. Ukilifuta linarudi. Kwa mtu wa kazi hii, ni alama ya kawaida. Kwa watu wetu, mdomo wenye povu una jina moja tu: sumu.

Lusajo alikuwa mtu wa Tukuyu, mpole, mchezeshaji wa watoto wa watu, mfanyakazi wa ghala kule Jordbro. Mkewe Nekesa ni Mkenya, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi moja ya mwezi wa nane watu wa kanisa walikwenda kwenye ziwa la karibu na Farsta, na vyakula, mikeka na spika. Mimi nilikuwa zamu. Lusajo alikula, akapumzika kidogo, akaingia majini. Alikuwa amejifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la ndani lenye maji ya uvuguvugu ambalo miguu inagusa chini. Ziwa lile lina mahali ambapo chini inaondoka ghafla.

Aliyeingia kumtoa ni kaka yake, Ambakisye. Alimlaza kwenye nyasi, akamminya kifua kama tulivyofundishwa sote, na kila alipominya povu likatoka, jeupe lenye wekundu. Akafuta kwa kanga ya mtu. Likarudi. Akafuta. Likarudi. Watu zaidi ya ishirini waliona. Kisha mmoja akakumbuka kwamba Lusajo alikula chakula chake peke yake, kutoka kwenye kibakuli kidogo alichofungiwa na mkewe.

Ndivyo alivyokula siku zote. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na Nekesa alimpikia ndizi zake bila pilipili wala limao. Lakini nani atakumbuka vidonda vya tumbo mbele ya povu?

Jumatatu nilipoona jina lake kwenye orodha nilivua glavu nikamwendea daktari. Nikamwambia huyu namjua, tumekula meza moja. Akanipa ruhusa ya kukaa kando na mwenzangu mwingine akashika kazi. Kwa hiyo sikumwona, wala sikuuliza. Hata ningejua, sheria ya kazi yetu ni kwamba la mezani linabaki mezani, hata kwa mke wako. Nyinyi mtaapa kiapo hichohicho. Mimi nilikishika miaka yote nikijivunia, na jioni ile msibani nilikishika vibaya.

Sebule ya Lusajo, hukohuko Jordbro, ilikuwa imejaa. Wanaume kwenye viti vya kuazima, wanawake chini kwenye zulia, Nekesa kwenye godoro kona ya dirisha, kanga imefunika nusu ya uso. Nilikuwa bado sijakaa vizuri Ambakisye alipoinuka.

"Baba Neema," akasema, "wewe ndiye mtu wetu kule ndani. Hatutaki maneno ya karatasi. Tuambie hapa, mbele ya watu. Mdogo wangu kauawa na nini?"

"Ambakisye, siruhusiwi kusema."

"Hatukuombi useme yote. Ni chakula, siyo chakula?"

Nikasema tena kwamba siruhusiwi. Kisha, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa yamenizidi, nikatazama viatu vyangu.

"Basi," akasema Ambakisye taratibu. "Tumesikia."

Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na Nekesa akajisogeza. Kidogo tu, kama anayetafuta nafasi ya mguu. Wa pili akafuata. Baada ya muda mfupi palikuwa na zulia tupu kulizunguka godoro lile.

Kwenye treni ya kurudi mke wangu, aliyekuwa ameketi na wanawake kwenye zulia, alinigeukia.

"Umeua leo," akasema.

"Nimeua nani?"

"Mke wa watu. Umeulizwa mbele ya msiba, umenyamaza, umeangalia viatu. Unadhani wamesikia sheria ya Waswidi? Wamesikia ndiyo."

"Mama Neema, nimekula kiapo."

"Kiapo umekula wewe. Anayenyimwa mume ni yule. Ambakisye ameshasema hatamruhusu kusafiri na mwili. Hatasimama kaburini. Ameshapiga simu Tukuyu, nako wamekubali."

Mnaelewa kilichotokea? Kwa Mswidi, ukimya wangu ulikuwa karatasi nyeupe. Kwetu, mtu mzima akiulizwa kosa la mtu na akainamisha kichwa, ameshajibu. Nilikuwa nimekaa katika nchi hii muda mrefu kiasi cha kusahau namna ninavyosikika nyumbani.

Kesho yake nikaenda Farsta kwa Gunvor. Alikuwa amestaafu, anaishi juu ya kituo cha treni na mimea ya dirishani iliyostawi hadi ikataka kumfukuza nyumbani. Nikamweleza bila majina. Akasikiliza, akanimiminia kahawa.

"Ulimgusa?" akauliza.

"Hapana."

"Umesoma ripoti?"

"Hapana."

"Basi huna siri ya kutoa, una kiburi tu. Povu unalijua tangu miaka ile ya vigae vya kijani. Kila vuli unawafundisha wanafunzi. Nani amekukataza kufundisha sebuleni?"

"Lakini povu peke yake halithibitishi kitu, Gunvor. Ziko sumu zinazotoa povu. Uko moyo unaoshindwa."

"Na hilo waambie," akasema. "Waambie yote. Watu hawafi kwa kuambiwa kwamba jambo halijulikani."

Jumamosi nikarudi Jordbro. Nilinunua mayai njiani. Nikawaomba Ambakisye na wazee wawili watatu tukae mezani jikoni. Nekesa alikuwa anaosha masufuria, mgongo ametugeuzia. Hakuna aliyekuwa anakula alichopika, lakini alikuwa bado anaosha.

"Kwanza nisikilizeni," nikasema. "Lusajo sikumwona. Nilivua glavu nikatoka, kwa sababu alikuwa ndugu. Juzi niliponyamaza sikuwa na jibu la kuficha. Sikuwa na jibu. Mkanielewa vibaya, na kosa ni langu."

"Sasa mayai ya nini, mzee?" akauliza mmoja. "Umekuja kutupikia?"

Nikachukua glasi mbili. Katika kila moja nikatia maji na ute wa yai. Ya kwanza nikaiacha. Katika ya pili nikatia mrija, nikapuliza. Povu likapanda, jeupe, likavuka ukingo na kushuka pembeni ya glasi. Nikalifuta kwa karatasi. Nikapuliza. Likarudi.

"Koo la mtu lina ute," nikasema. "Maji yakiingia na mtu bado anapumua, pumzi inayapiga pamoja. Inakuwa hivi. Ukimminya kifua, lililo chini linapanda. Utafuta mpaka kesho. Mtu aliyetupwa majini akiwa ameshakufa ni hii glasi ya kwanza. Itazameni. Imetulia."

Wakatazama.

"Sisemi povu haliwezi kuwa la sumu," nikaendelea. "Ziko sumu hutoa povu, na moyo ukishindwa hutoa povu. Kila anayeletwa kwetu hupimwa sumu, hata mzee wa miaka tisini, na majibu huchukua wiki nyingi. Daktari ndiye atakayesema. Ninachosema mimi ni kwamba msiseme povu limewaambia. Povu linasema neno moja tu. Linasema alipumua."

Ambakisye alikuwa ameishika ile glasi ya pili. Povu lilikuwa linapasuka polepole, kiputo baada ya kiputo, na ungelisikia ukiweka sikio karibu.

"Alipumua ndani ya maji," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Si mrefu. Dakika, pengine chini yake."

"Mtu aliyekula sumu anaweza kuogelea vile?"

"Vile vipi, kaka?"

Masufuria yalikuwa yamenyamaza.

"Kichwa kilikuwa kinazama, kinaibuka," akasema. "Uso ameuinua juu, kama mtu anayetazama ndege. Mikono anaipigapiga pembeni. Hakuita mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale ukingoni, na soda mkononi. Nikasema, mtazameni huyu anavyoringa na maji ya Waswidi." Akaiweka glasi mezani. "Nilikuwa namtazama, Baba Neema. Sikugeuka. Nilimtazama mpaka aliposhindwa kuibuka, na nilikuwa nacheka."

Nikajua basi kwamba amelibeba hilo tangu Jumamosi ile, na kwamba povu lilikuja kama mtu anayenyoosha mkono akupokee mzigo. Kama ni sumu, basi si soda, si kicheko.

Nikamwambia ninachowaambia nyinyi, na kama mtasahau mengine yote ya mzee huyu, hili msilisahau mkiwa na watoto karibu na maji. Anayezama haiti. Mdomo wake una kazi moja, kutafuta hewa, hauna nafasi ya jina la mtu. Hapungi mkono, kwa sababu mikono inayasukuma maji ili kichwa kibaki juu. Anasimama wima majini, uso juu, kimya. Ukingoni huonekana kama mchezo. Nimewafungua watu waliozama hatua chache tu kutoka kwa wazazi wao, nao wazazi walikuwa wanawatazama.

"Hata mimi ningecheka," nikasema.

Hilo halikumfariji. Alikuwa ameweka viganja vyake juu ya meza kama anayezuia meza isiondoke.

Ndipo Nekesa akageuka, povu la sabuni likiwa hadi viwiko.

"Nilikuona, shemeji," akasema.

Ambakisye akainua kichwa.

"Nilikuona ukicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa kwa mkeka nafunga vyombo, nikasikia ukisema anaringa, nikaangalia, nikacheka."

"Siku zote hizi," akasema Ambakisye. "Nimekuita muuaji mbele ya watu. Ungesema tu kwamba nilikuwepo nikitazama. Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Wewe ndiye uliingia kwa maji ukamtoa. Wengine wote walibaki na viatu."

Akachukua taulo akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Ambakisye alilia kama wanaume wa umri wake wanavyolia, bila kujua pa kuweka uso, na wazee tukatoka tukasimama kwenye ngazi tukijifanya tunaangalia maegesho ya magari.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye sana, wakati karibu kila mtu alikuwa amesahau kuyasubiri. Nekesa alimpigia daktari mwenyewe, kama ilivyo haki yake, na jioni akaja kutuambia mimi na Mama Neema. Sumu hakuna. Vioo vya ziwa lile vilikuwa mifupani mwa Lusajo, vilevile kama vya chupa ya maji waliyochota ukingoni. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lakini yeye alikuwa ameshasafiri na kurudi. Waliondoka pamoja na mwili Alhamisi moja, yeye na shemeji yake, kiti kwa kiti. Mimi sikwenda, nilisimuliwa. Tukuyu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo wa ukingoni mwa kaburi ulikuwa unateleza. Baadhi ya mashangazi walikuwa bado na ile simu ya kwanza masikioni, wakamwacha mjane asimame nyuma. Ambakisye akarudi nyuma akamfuata, akampitisha katikati yao bila kumtazama mtu usoni, mpaka mbele. Nekesa alipoinama kutupa udongo, wa kwanza kuliko wote, Ambakisye alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, na hakumwachia mpaka alipoinuka.